Namna ya Kurudisha Jukwaani Tamthilia ya Ubwege Katika Ukumbi Mdogo

Kikundi kikitaka kuigiza tamthilia ya ubwege, yaani ile ambayo matukio na mazungumzo yake huonekana hayana mantiki, maswali ni yale yale. "Lazima kwanza tuelewe maana yake?" "Tunaruhusiwa kupunguza?" "Watu hawatatoka katikati?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: "Kwani humu kuna hadithi gani?"

Kama una kikundi kidogo na ukumbi wa viti hamsini au themanini, na umeamua kuigiza mojawapo ya tamthilia kongwe za ubwege, fuata hatua hizi. Nadharia nimeiweka kando makusudi. Shika jambo moja tu: tamthilia hizi huonekana za ovyo, lakini zimepimwa neno kwa neno. Ukiongeza wazimu wako juu ya wazimu uliomo, zinakufa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala za toleo moja kwa kila mtu. Kurasa zikitofautiana, mazoezi yataisha kwa "mimi kwangu hiyo haipo".
- Kibali cha maandishi cha kuigiza (hatua ya 2).
- Mkumbushaji: mtu asiyeigiza wala kuongoza, anayefuata nakala kwa kidole kila siku ya mazoezi. Mwongozaji, usijipe kazi hii. Huwezi kutazama jukwaa na karatasi kwa wakati mmoja.
- Sakafu yenye ukubwa wa jukwaa lako, hata kama ni ya darasa, iliyowekwa alama kwa utepe wa gundi.
- Vifaa halisi vitakavyoshikwa jukwaani, tangu wiki ya kwanza. Si mfano wake, si "hii tuiite kofia".
- Wiki sita hadi nane kwa tamthilia ya saa moja, na zaidi kwa iliyo ndefu.
- Simu yenye saa ya kupimia muda.

1. Chagua kwa kuhesabu watu, si kwa umaarufu

Wengi hukimbilia Waiting for Godot ya Samuel Beckett kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Ina wahusika watano, mmoja wao mvulana, na sehemu mbili ambazo kwa pamoja huzidi saa mbili. Jukwaani panatakiwa barabara na mti, na huo utupu ndio unaowadanganya watu kwamba ni kazi nyepesi. Waigizaji wawili wakuu wapo mbele ya macho ya watu karibu muda wote, hawana pa kupumzika wala pa kujificha.

Eugène Ionesco ana kazi zinazoingia vizuri kwenye ukumbi mdogo. The Bald Soprano inataka watu sita na sebule, na huchukua kama saa moja. The Lesson inataka watatu. The Chairs nayo ina watatu, ila usidanganywe na idadi hiyo: wazee wawili wanawapokea wageni wasioonekana, na viti vinaendelea kuletwa mpaka jukwaa linafurika. Kama nyuma ya jukwaa lako pana upana wa mlango tu, iache.

Endgame ya Beckett ina watu wanne, wawili kati yao wakiwa ndani ya mapipa muda wote. Krapp's Last Tape ina mtu mmoja na kinasa sauti. The Zoo Story ya Edward Albee ina wanaume wawili bustanini. The Dumb Waiter ya Harold Pinter pia ina wawili, pamoja na lifti ndogo ya chakula ukutani ambayo ni lazima ipande na kushuka kweli.

Kwa kikundi kinachoanza, mimi ningechukua The Lesson au The Zoo Story. Godot itangoja, imeshazoea.

2. Omba kibali kabla ya zoezi la kwanza

Hapa ndipo maonyesho mengi hufia. Watu hudhani "ya zamani" maana yake ni "ya bure". Beckett alifariki mwaka 1989, Ionesco 1994, Pinter 2008, Albee 2016. Nchi nyingi hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo hesabu mwenyewe: zote nilizotaja hapo juu bado zina wenyewe. Unayeweza kumtumia kwa uhuru ni Alfred Jarry, aliyefariki mwaka 1907, ambaye Ubu Roi yake ilioneshwa Paris mwaka 1896 na huhesabiwa kuwa mzazi wa aina hii ya uigizaji. Hata hivyo, tafsiri yake ya juzijuzi ina mwenyewe pia, naye ni mfasiri.

Andika kwa wakala aliyetajwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Eleza lugha mtakayotumia, idadi ya maonyesho, idadi ya viti, bei ya tiketi, na kama waigizaji wanalipwa. Mkitaka kuigiza kwa Kiswahili na hakuna tafsiri iliyochapishwa, ruhusa ya kutafsiri ni ombi jingine tofauti na la kuigiza. Taja pia badiliko lolote unalofikiria: jinsia ya wahusika, mahali, kupunguza maneno. Majibu huchukua wiki, wakati mwingine miezi.

*Angalizo:* kwa Beckett, usidhani maelekezo ya jukwaani ni ushauri. Mwaka 1984 kikundi kimoja cha Marekani kiliipeleka Endgame kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Beckett akapinga, na mwisho wa mvutano kijitabu cha onyesho kikabeba maneno yake ya kulikataa onyesho lenyewe. Mwaka 1988 akakishtaki kikundi cha Haarlem, Uholanzi, kilichowapa wanawake nafasi zote za Godot. Kesi alishindwa, lakini kikundi cha watu wanane hakina bajeti ya kesi, hata ya kushinda.

Tiketi zisiuzwe wala bango lisichapishwe kabla kibali hakijafika mkononi.

3. Tia nakala alama kabla ya kumwambia mtu yeyote simama hapa

Chukua penseli. Pitia nakala yote ukitia alama vitu vitatu: kila sentensi inayojirudia, kila kitendo kilichoandikwa, na kila kimya. Usitafute maana bado. Beckett mwenyewe, alipoulizwa Godot ni nani, alijibu kwamba angejua angesema ndani ya tamthilia. Kama mwandishi aliweza kuishi na hilo, kikundi chako kitaweza.

Vimya si vya aina moja. Pinter huandika nukta tatu, huandika mtuo, na huandika kimya, na kila kimoja kina kazi yake. Kwenye nukta tatu mtu anatafuta neno. Kwenye mtuo anafikiri, na mwenzake anajua kwamba anafikiri. Kwenye kimya, kitu kimeisha, na kitakachofuata kitaanza upya. Waambie waigizaji wakupe tofauti hizo bila kuhesabu kichwani. Anayehesabu moja, mbili, tatu huonekana anahesabu.

Kisha gawa tamthilia vipande vifupi, kila kimoja kianze pale jambo jipya linapoingia: mtu amefika, kitu kimepotea, mada imebadilika. Vipe majina mepesi, "kiatu", "karoti", "mgeni wa kwanza". Majina hayo yatawaokoa baadaye.

4. Chagua waigizaji wanaosikiliza

Mwigizaji mwenye sauti kubwa na nyuso mia si lazima awe wako. Kwenye usaili, wape wawili ukurasa mmoja. Wausome mara moja kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida, kisha mara ya pili wakiheshimu kila kimya. Mtazame asiyesema. Macho yake yakihama kwenda kutafuta sentensi yake inayofuata, mshukuru na umwite mwingine.

Tafuta jozi, si nyota. Vladimir na Estragon wa Godot, Bwana na Bibi Smith wa The Bald Soprano, wazee wa The Chairs: hawa wameishi pamoja kupita kiasi, na lazima waonekane hivyo kabla hawajafungua mdomo.

Atakayekuwa Lucky kwenye Godot apewe hotuba yake siku anapoipata nafasi hiyo. Ni maneno mamia bila kituo hata kimoja, na haikaririwi kwa mafuriko. Aigawe kwa pumzi: andika kila pumzi kwenye mstari wake, ajifunze mistari mitano kwa siku, na kila siku aanzie mwanzo.

5. Fanya mazoezi kana kwamba ni mchezo wa kawaida kabisa

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, usiipite haraka.

Mwongozaji Nicolas Bataille alipoiandaa The Bald Soprano kwa onyesho lake la kwanza, Paris mwaka 1950, kikundi chake kilijaribu kwanza kuicheza kwa mzaha. Haikwenda. Walipoigeuza na kuicheza kwa uzito wote, kana kwamba ni tamthilia nzito ya sebuleni ya karne ya 19, ndipo ikasimama. Tangu mwaka 1957 tamthilia hiyo imekuwa na makao yake Théâtre de la Huchette, ukumbi wa Paris wenye viti pungufu ya mia. Udogo wa ukumbi haukuwahi kuwa udhuru.

Kwa vitendo, mhusika wako hajui kwamba anachekesha. Bibi Smith anapoorodhesha walichokula jioni, anaripoti habari muhimu. Estragon anapohangaika na kiatu mwanzoni mwa Godot, kiatu kinamuuma. Mpe mwigizaji buti linalombana kweli. Mwache avute kwa mikono miwili, akate tamaa, apumzike, ajaribu tena, bila kutazama watu. Utaona kitu cha ajabu kidogo: kadiri anavyotaka kweli buti litoke, ndivyo wanaomtazama wanavyocheka, na ndivyo kicheko chao kinavyowauma. Akianza kukunja uso ili kuonesha uchungu, mrudishe mwanzo.

Kariri maneno kama yalivyo. "Nimesema ile ile kwa maneno yangu" haikubaliki hapa, kwa sababu sentensi ikibadilika leo, pacha wake wa ukurasa wa arobaini hatatambulikana.

*Angalizo kubwa:* marudio ni mtego. Kwenye Godot kuna mabadilishano yanayorudi tena na tena: mmoja anataka waondoke, mwenzake anasema hawawezi, anauliza kwa nini, anaambiwa wanamngojea Godot. Mwigizaji akiteleza hapo, anaruka kurasa kumi au anarudi nyuma kumi, na mwenzake anamfuata bila kujua. Dawa yake ni mwili. Kila rudio lipe mahali pake na kitendo chake: la kwanza karibu na mti, la pili ameketi, la tatu kofia ipo mkononi. Kumbukumbu ya miguu haichanganyikiwi upesi kama ya ulimi.

Usiwaache waigizaji wakae mezani wakijadili falsafa kwa wiki. Siku mbili za kusoma zinatosha, halafu simameni. Mwigizaji akiuliza "hii maana yake nini?", mrudishie swali dogo: "Sasa hivi unataka nini kutoka kwake?" Kila mhusika wa tamthilia hizi anataka kitu, hata kama ni mwenzake anyamaze tu.

6. Vifaa: vichache, vya kweli, na salama

Kamba ya Lucky kwenye Godot hufungwa shingoni na kuvutwa na Pozzo, bwana wake. Jukwaani kitanzi kisiwe na fundo linalokaza. Kitengenezwe kiachie chenyewe kikivutwa kwa nguvu, au kamba ionekane ya shingoni huku imefungwa kwenye mkanda wa kifuani chini ya koti. Anayevuta hatumii nguvu, anayevutwa ndiye anayeigiza nguvu. Hili lifanyiwe zoezi lake peke yake, polepole. Kisu cha The Zoo Story vivyo hivyo: kiwe butu kabisa, kishikwe kwa mwendo uliopangwa, na mtu mmoja awe na kazi ya kukitoa na kukirudisha kila usiku.

Kamba inayoshikilia suruali ya Estragon inakatika wanapoivuta. Iunge katikati kwa uzi dhaifu, na iungwe upya kabla ya kila onyesho. Suruali yenyewe ishuke hadi vifundoni. Beckett alimwandikia Roger Blin, mwongozaji wa onyesho la kwanza la mwaka 1953, kusisitiza hilo hilo, maana mwigizaji alikuwa akiiacha ikwame njiani. Basi tafuta suruali pana, na mwigizaji asiyeona haya.

Kwenye The Chairs, chagua viti vyepesi na uandike ratiba ya kila kiti: kinatoka mlango gani, kinawekwa wapi, nani anakipokea nyuma. Bila msaidizi nyuma ya jukwaa, mama mzee atakwama mlangoni na kasi itakufa. Angalia pia kwamba njia ya dharura ya kutokea haizibwi.

Kwenye Krapp's Last Tape, mzee wa miaka 69 anaisikiliza sauti yake ya akiwa na miaka 39. Irekodi mapema, wiki za mwanzo, kwa sababu mwigizaji anafanya mazoezi na mtu huyo. Sauti ikitoka kwenye kompyuta badala ya kinasa chenyewe, fundi wa sauti akae mahali anapouona mkono wa mwigizaji. Kitufe kikibonyezwa na sauti ikachelewa kidogo tu, watu wataacha kumwamini mzee wataanza kumtafuta fundi.

7. Taa na sauti

Ukumbi mdogo hausamehe mbwembwe. Mtazamaji yupo mita mbili kutoka kwenye uso wa mwigizaji, kwa hiyo moshi na taa za rangi zinazowaka na kuzima huonesha tu kwamba hamkuiamini tamthilia. Mwanga mmoja wa jumla, na mabadiliko yale yaliyoandikwa. Kwenye Godot usiku huingia ghafla na mwezi hupanda mara moja, basi fanya hivyo hivyo, usiutengeneze ukawa jioni ya kimahaba.

Ishara za sauti ziandikwe kwa namba na zifanyiwe zoezi na waigizaji. The Bald Soprano huanza kwa saa kugonga mara 17, kisha Bibi Smith anatangaza kwamba ni saa tatu. Hakuna atakayezihesabu, lakini mlio ukikatwa ukawa mara tatu kwa sababu fundi amechoka kungoja, kichekesho cha kwanza cha usiku kimekwenda.

8. Waambie watu ukweli kwenye bango

Mwezi Januari 1956 Godot ilifunguliwa Miami, Marekani, baada ya kutangazwa kama kichekesho cha kuvunja mbavu. Watu waliokuja kuvunjwa mbavu wakaondoka kwa wingi kabla ya sehemu ya pili. Mwaka uliofuata ikachezwa ndani ya gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400 ambao hawakuahidiwa chochote, na wakaifuatilia hadi mwisho. Tamthilia ilikuwa ile ile.

Bango lako liseme jina, mwandishi, muda wa onyesho na kama kuna mapumziko. Usiandike ukurasa mzima wa kueleza ubwege ni nini. Mtu akisoma kwamba "maisha hayana maana" kabla taa hazijazimwa, atakaa usiku kucha akihakiki kama mmelithibitisha. Onyesho lililo chini ya dakika 90 lisiwe na mapumziko.

9. Wiki ya mwisho

Pitieni onyesho zima bila kusimama kila siku, na mkumbushaji aandike muda wa kila sehemu. Muda ukirefuka kwa dakika tano, sita, sababu karibu kila mara ni vimya: waigizaji wameanza kuvipenda. Usiwaambie waharakishe kila kitu. Waambie sentensi zigongane, mtu aanze kusema mwenzake anapomalizia neno la mwisho, na vimya vibaki palepale vilipoandikwa. Kimya husikika pale tu kilipotanguliwa na mwendo.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, waalike watu kumi wasiowajua waigizaji. Ndugu na marafiki hucheka kwa upendo, na kicheko hicho kitawadanganya.

Mambo yakiharibika

*Hakuna anayecheka.* Endeleeni. Watazamaji wa tamthilia hizi mara nyingi hungoja ruhusa, na ruhusa huja kama robo saa ndani. Hatari ni waigizaji kuanza kuongeza chumvi.

*Wanacheka kupita kiasi.* Usiku wa tatu utaona mwigizaji anatua baada ya sentensi fulani kungoja kicheko cha jana. Mwambie aseme inayofuata juu ya kicheko. Kesho yake kitarudi chenyewe.

*Mwigizaji ameruka kurasa.* Msirudi nyuma kwa ujanja wa hapo hapo. Mkumbushaji ataje jina la kipande kwa sauti ya chini, "karoti", na wote waende huko. Kama kilichorukwa hakina habari inayohitajika mbele, kiacheni.

*Watu wanatoka.* Wachache watatoka, hasa usiku wa kwanza. Weka mtu mlangoni afungue na kufunga bila kelele, na waigizaji wasiwafuate kwa macho. Wakitoka wengi kwa mara moja na mahali palepale kila usiku, chunguza dakika kumi zilizotangulia. Hapo mmekuwa mnaonesha uchovu badala ya kupambana nao.

*Simu imelia katikati ya kimya.* Mwigizaji asimame alivyo hadi iishe, kisha kimya kianze upya. Asijibu kwa mzaha, hata kama mzaha ni mzuri.

*Kibali kimekataliwa.* Msicheze kwa siri wala msibadilishe jina la tamthilia. Ulizeni sababu: mara nyingine kuna kikundi kikubwa kilichokwisha kushika haki za eneo hilo kwa msimu, na mwakani zitakuwa wazi. Wakati huo chukueni Jarry, mkaitafsiri kazi yake wenyewe kutoka Kifaransa cha asili, na waigizaji mliokwisha kuwapata wabaki na kazi.